Maji Yameshuka, Picha Haionyeshi: Kutatua Kasoro za Picha za Bwawa la Mtera Zinazopigwa Mtumbwini

Aliyepita barabara ya Iringa–Dodoma mara mbili ndani ya mwaka mmoja anajua kuwa Mtera ni mabwawa mawili. Mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha na mto Ruaha Mkuu umeshamimina mzigo wake, maji yanalamba vichaka na miti mikavu imezama hadi shingoni. Mwezi wa kumi na moja miti ileile imesimama miguu wazi kwenye tope lililopasuka, na mvuvi anaburuta mtumbwi wake mwendo mrefu kabla ya kulowa.

Bwawa likijaa, uso wa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Usawa wa chini unaoruhusiwa kwa kufua umeme ni mita 690. Hapo katikati kuna mita 8.5, karibu ghorofa tatu za maji yanayopanda na kushuka. Ungedhani mabadiliko makubwa hivyo yanajipiga picha yenyewe. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi nilipoweka picha zangu za misimu mitatu mezani na nikashindwa kumwonyesha mtu yeyote maji yameshuka wapi.

Nyingi ya kasoro zilizo hapa chini zinatoka kwenye jambo moja: mtumbwi hushuka pamoja na maji. Mpiga picha wa nchi kavu amesimama juu ya kitu kisichosogea, akitazama kinachosogea. Wewe umekalia kilekile unachotaka kukipima. Ukilikumbuka hilo, dawa nyingi utazigundua mwenyewe.

Picha mbili za sehemu moja hazilandani

Ulirudi na GPS ya simu, ukafika "palepale", na bado kilima kimehamia kulia, mti umehamia kushoto, na ukingo wa maji hauna pa kulinganishwa.

Chanzo cha kwanza ni kwamba "palepale" ya simu ni pana. Hata chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea kama mita tano. Nchi kavu utaona umekosea, maana jiwe ulilokanyaga mwaka jana liko pale. Majini hakuna jiwe. Chukua mti mkavu ulio mita 100 mbele yako na kilima kilicho kilomita mbili kutoka ulipo. Ukisogea pembeni mita tano tu, mti unahama mbele ya kilima kwa nyuzi 2.7 hivi. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili, na picha yenye upana wa pikseli 6,000, hizo ni pikseli 400. Hakuna programu itakayokunyooshea hapo, kwa sababu vya karibu na vya mbali vimehama kwa viwango tofauti. Ukivuta mti urudi mahali pake, kilima kinaondoka.

Chanzo cha pili ni upepo. Mtumbwi unaosukumwa nusu mita kwa sekunde, mwendo ambao hata huuhisi, umekupeleka mita 15 katika sekunde thelathini ulizotumia kufuta lenzi.

Dawa yake wavuvi wa pwani walikuwa nayo kabla satelaiti hazijarushwa. Mvuvi anayerudi kwenye mwamba wake wa samaki analinganisha mnazi fulani na mnara wa msikiti ulio nyuma yake, kisha anatafuta jozi nyingine ya alama upande wa pili. Jozi zote mbili zikikaa sawa, anajua yuko juu ya mwamba. Fanya hivyohivyo. Jozi ya kwanza iwe mbele yako, ndani ya fremu: kitu cha karibu kilichosimama mbele ya kitu cha mbali, kwa mfano shina la mti mbele ya bonde la kilima. Hiyo inakuzuia usiende kushoto wala kulia. Jozi ya pili iwe ubavuni, nje ya fremu, ikuzuie usiende mbele wala nyuma. Kila jozi ipigie picha yake. Kadiri alama ya karibu na ya mbali zinavyotengana, ndivyo kosa dogo linavyoonekana haraka. Miti miwili iliyo mita 200 na mita 210 kutoka ulipo haikusaidii chochote.

Halafu chapisha picha ya zamani kwenye karatasi, uitie kwenye mfuko wa plastiki, uende nayo. Kioo cha simu kwenye jua la Mtera ni kioo cha kujitazamia uso. Na karatasi unaweza kumpa nahodha. Wangu, mzee aliyevua bwawa lile tangu ujana wake, alinitazama siku nzima nikiinua simu juu na kuizungusha, kisha akauliza kwa upole, "Kwani unatafuta mtandao?" Nikampa picha ya mwaka uliotangulia. Akaigeuzageuza, akacheka. "Hapa sipo, kijana. Pale mti anaotua furukombe, yule tai mla samaki, ulikuwa umeziba lile jiwe." Makasia manne baadaye mti wa furukombe ukawa umeziba jiwe.

Ukishafika kwenye mstari usipige picha moja. Piga kumi mfululizo mtumbwi ukiukatiza mstari, kisha uchague nyumbani ile ambayo alama zimekaa sawa kabisa.

Maji yamepungua mno, lakini picha inaonyesha utepe mwembamba

Hii ndiyo iliyoniumiza zaidi. Unaona kwa macho yako tambarare ya tope pana kuliko viwanja vitatu vya mpira, unapiga picha, na nyumbani unakuta kamstari ka kahawia kati ya maji na vichaka.

Kamera haikukosea. Umekaa mtumbwini, lenzi iko mita moja na nusu juu ya maji. Tuseme ukingo wa maji uko mita 50 mbele yako, na kutoka hapo tope linapanda polepole, mita moja na nusu katika umbali wa mita 300. Ukingo wa maji unauona kwa pembe ya nyuzi 1.7 chini ya usawa wa jicho lako, na mwisho wa tope uko sawasawa na usawa huo. Kwa hiyo mita zote 300 zimebanwa ndani ya nyuzi 1.7. Lenzi ya milimita 50, fremu ikiwa imelala, hutazama nyuzi 27 kutoka juu hadi chini. Tope lako limepata asilimia sita ya kimo cha picha. Kwa lenzi kuu ya simu, ambayo hutazama eneo pana zaidi, linapata nusu ya hapo.

Na hapa ndipo ule ushirika wa mtumbwi na maji unapouma. Maji yakishuka mita nne, na wewe umeshuka mita nne. Pwani ile uliyokuwa ukiitazama kwa juu kidogo mwezi wa tano, sasa unaitazama kutoka chini, na sehemu yake ya nyuma imejificha nyuma ya mgongo wake.

Pandisha kamera. Ifunge kwenye ncha ya ufito mrefu au fimbo ya chuma ya kupandishia, uipige kwa kidhibiti cha mbali au kwa simu. Kutoka mita nne juu ya maji, pwani ileile inachukua zaidi ya nyuzi nne badala ya 1.7, yaani imepanuka mara mbili na nusu, bila kununua lenzi. Wengine husimama mtumbwini ili wapate nusu mita zaidi. Mtera ina mamba na viboko. Nusu mita hiyo haina thamani hiyo.

Njia ya pili ni kuacha kuitazama pwani uso kwa uso. Geuza mtumbwi upige ukiambaa na ukingo, maji upande mmoja wa fremu na tope upande mwingine, mstari wao ukikimbia kuelekea mbali. Ukingo ulioingia ndani ya ghuba na kutoka tena unaonyesha upana kuliko ukingo ulionyooka mbele yako.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoitegemea sasa, ni kuacha kutafuta upana na kutafuta kimo. Miti mikavu ya Mtera ni rula zilizosimama majini. Shina lina rangi moja pale lilipozoea kuzama na rangi nyingine pale lilipozoea jua, na kati yake kuna mistari ya tope ya misimu iliyopita. Piga mti mmoja kwa karibu, ukiwa umeunyookea, mwezi wa tano na tena mwezi wa kumi na moja. Picha hizo mbili zikiwekwa kando kwa kando zinasema kuliko mandhari kumi.

Kitu cha kulinganishia ukubwa kiwemo. Tope tupu halina kimo: mpasuko wa sentimita kumi na bonde la mita kumi hufanana. Mtumbwi, upondo uliosimamishwa wima, mtu aliyekubali kupigwa, vyote vinafaa. Ng'ombe hafai sana, anatembea na fremu.

Picha inatia chumvi

Kasoro iliyo kinyume cha hiyo. Kipimo cha bwawani kinasema maji yameshuka nusu mita, lakini picha zako zinaonyesha ziwa limekimbia, na watu wanaanza kuulizana kama umeme utakatika.

Sehemu kubwa ya Mtera ni tambarare. Ndiyo maana bwawa lililojaa hutanda kilomita za mraba 600 hivi. Mahali ambapo ardhi inapanda mita moja kwa kila mita 200, nusu mita ya maji iliyoondoka inaacha mita 100 za tope. Mahali penye mwamba uliosimama, nusu mita hiyohiyo ni alama ya unyevu kwenye jiwe. Picha zote mbili ni za kweli, na kila moja peke yake inadanganya.

Basi kila safari piga sehemu mbili, ya tambarare na ya mteremko mkali, uziweke pamoja. Na usimtangazie mtu maji yako wapi kwa kutazama picha. Namba inatoka kwenye kipimo, na vipimo vya bonde hili vinasimamiwa na TANESCO kwa upande wa bwawa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye ofisi zake Iringa. Ukipata kina cha siku uliyopiga, kiandike kwenye jina la faili.

Upepo nao husukuma. Ukivuma kutwa nzima kuelekea upande mmoja wa maji mapana na yenye kina kifupi, unayarundika upande huo na kuyapunguza ule mwingine. Ni sentimita chache tu, lakini kwenye tambarare tulizotaja sentimita tano ni mita kumi za ukingo. Piga asubuhi, kabla haujaamka.

Wapo wanaoniambia, "Mvua ilinyesha wiki nzima na picha yako inaonyesha maji yamepungua, umechanganya tarehe." Si lazima. Mtera ina mtambo wake wa megawati 80, lakini kazi yake kubwa ni kuwa ghala la maji la mtambo wa Kidatu, megawati 204, ulio chini yake kwenye mto huohuo. Maji yakifunguliwa kwa ajili ya mitambo, bwawa hushuka hata kama kuna mawingu Iringa. Na mvua iliyonyesha kando ya bwawa si mvua iliyonyesha kwenye vyanzo vya Ruaha.

Maji yameinama

Picha inaonyesha bwawa linamwagikia kushoto. Mara nyingi ni mtumbwi uliolala upande wako ulipoegemea. Washa mistari ya gridi, keti katikati, miguu imepanuka, piga nyingi.

Lakini kuna mtego unaowanasa hata wenye uzoefu. Ukinyoosha picha kwenye kompyuta kwa kufuata ukingo wa maji, unaweza kuwa unaipindisha. Ukingo unaokuja kwako kutoka mbali huonekana umepanda kadiri unavyoenda mbali, hata kama maji yenyewe yako sawa kama meza. Ni ukingo uliokukabili uso kwa uso tu ndio unaolala sawa kwenye picha. Wala miti mikavu isikuongoze, nusu yake imeinama kwa upepo na uzee. Tafuta mahali ambapo maji yako wazi hadi upeo wa macho, au taswira ya kitu kwenye maji yaliyotulia: kitu na taswira yake hupangana wima, kimoja juu ya kingine. Nyoosha kwa hilo.

Ukingo umemezwa na mng'ao

Maji meupe, tope jeupe, mpaka wao hauonekani. Mtu wa kwanza utakayemuuliza atakuambia ununue filta ya polaraiza. Mimi nilinunua, na nikashangaa mbona inafanya maajabu kwenye maji yaliyo karibu na mtumbwi lakini ukingo wa mbali unabaki kioo.

Sababu ni pembe. Filta hiyo hukata mng'ao vizuri unapoyatazama maji kwa mteremko wa nyuzi 37 hivi kutoka usoni pake, kama mtu anayechungulia chini kutoka ukingoni mwa mtumbwi. Ukingo ulio mita 50 unautazama kwa nyuzi mbili. Kwa pembe finyu kiasi hicho maji hurudisha mwanga wote karibu sawasawa, na filta haina cha kuchagua. Juu ya hayo inakula mwanga, inakulazimisha kupunguza kasi ya shata (kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga) mtumbwini. Mimi siku hizi naiacha begini, isipokuwa napiga visiki vilivyozama jirani.

Dawa ni jua kuwa nyuma yako. Asubuhi piga ufukwe wa magharibi, na bahati nzuri asubuhi ndiyo maji yanapotulia. Ufukwe wa mashariki unataka jioni, na jioni za kiangazi upepo wa pale haukubaliani na mtu. Kwa upande huo nangojea siku ya mawingu mepesi, ambapo tope linarudisha rangi yake. Saa moja hadi saa tatu na nusu asubuhi ndio muda wangu. Saa sita mchana tope la Mtera ni chokaa.

Ukipiga mwaka mzima, kumbuka pia kwamba Mtera iko nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri liko kaskazini, nyuzi 60 juu. Mwezi wa kumi na mbili limevuka kwenda kusini, nyuzi 74. Vivuli vya miti vinageuka upande. Kivuli cheusi kinacholala juu ya ukingo wa maji mwezi wa sita hakipo mwezi wa kumi na mbili, na mtazamaji anaweza kudhani ni maji yaliyosogea. Ukilinganisha misimu, linganisha picha za asubuhi kwa asubuhi, na ukiweza, mwezi kwa mwezi.

Rangi ya maji ikibadilika kutoka kahawia ya mvua hadi kijani ya kiangazi, iache. Hiyo ni habari. Funga tu mizani ya rangi kwenye "jua", usiiache kamera ijiamulie, la sivyo itaisahihisha kahawia hadi iwe kijivu.

Picha imetikisika

Zima injini. Usiegemeze kiwiko kwenye ubavu wa mtumbwi, maana mtetemo unapanda kwa mkono. Kaza viwiko kifuani. Shata isiwe chini ya 1/1000 kwa lenzi ndefu, ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ipande inavyotaka. Mguu wa kamera uache nyumbani, mtumbwini unaongeza urefu wa kutikisika tu.

Mfululizo unasema maji yalipanda wakati yalishuka

Kabla hujagombana na mto, angalia saa ya kamera. Yangu ilikaa kabatini miezi bila betri, ikarudi Januari mosi ya mwaka ambao hata haijatengenezwa. Sikuona. Nikapiga safari nzima, na picha zilipojipanga kwa tarehe zikatangulia za miaka yote mingine. Niliokolewa na mvuvi mmoja aliyekuwa na fulana ya mashindano iliyochapishwa mwaka.

Tangu siku hiyo picha ya kwanza ya kila kituo ni ya karatasi: jina la kituo, tarehe, saa, kina cha bwawa kama nimekipata, lenzi gani. Ni sekunde kumi. Lenzi ina maana, kwani ukitumia milimita 35 leo na 50 mwakani, utepe wa tope utakua bila maji kupungua. Kwenye simu usikuze kwa vidole hata kidogo. Kaa kwenye lenzi moja, ukate picha baadaye.

Sababu nyingine ni kuuchanganya mstari wa maji na mstari wa unyevu. Wimbi likilowesha tope, linabaki jeusi hatua kadhaa juu ya maji yenyewe, na kwenye picha ndogo jeusi hilo husomeka kama maji. Matete nayo huota haraka kwenye tope lililoachwa na kuficha ukingo: majani mabichi yasikudanganye kuwa maji yamerudi. Kuza picha hadi uone mng'ao au kiwimbi, hapo ndipo maji yalipo.

Kama bado una shaka, picha za satelaiti zitakuamulia. Za Landsat, ambazo kila nukta yake ni mraba wa mita 30, zipo tangu miaka ya 1980 na ni za bure. Za Sentinel-2 zina nukta za mraba wa mita 10, na satelaiti zake hupita kila baada ya siku tano. Hazioni nusu mita ya kimo, ila zinaona vizuri tambarare iliyoachwa wazi. Ndizo zinazofaa pia kwa miaka ambayo hukuwepo na mtumbwi, kama 2015, uhaba wa maji ulipolazimisha mitambo ya umeme wa maji nchini kuzimwa.

Alama imetoweka

Mti wako umeanguka, au umegeuka kuni. Usimlaumu mtu, haukuwa na jina lako. Kosa ni kutegemea mti mmoja. Kila kituo kiwe na alama tatu, na angalau moja iwe mwamba.

Mwamba una faida nyingine. Chagua ufa au kona iliyo juu ya kina cha juu kabisa, isiyohitaji rangi wala nyundo. Teremsha kamba yenye jiwe kutoka hapo hadi inapogusa maji, ifunge fundo, uipime. Fanya hivyo siku moja ambayo kina rasmi unakijua, na tangu hapo mwamba wako unasoma kina wenyewe: kamba ikirefuka sentimita 80, bwawa limeshuka sentimita 80. Piga picha ya kamba ikiwa imening'inia. Asubuhi tu, kiwimbi kikiwa kimelala.

Mtumbwi haufiki kituoni

Itatokea, kwa sababu kituo cha mwezi wa tano kikifika mwezi wa kumi na moja kiko nchi kavu. Usishuke kulitembea tope. Linabeba ng'ombe mita kumi na linammeza mtu ya kumi na moja, na mamba anapenda mahali hapo hapo. Kwenye mstari uleule wa alama weka vituo vitatu: cha maji mengi, cha kati, cha maji haba, na mwaka wa kwanza upige vyote maji yakiruhusu, ili uwe na picha za kuunganishia. Ukirudi nyuma sana, alama za mbele zinabaki kwenye mstari mmoja, ndiyo raha ya jozi.

Maji yakishuka visiki vinakaribia juu, na vile visivyoonekana ndivyo vibaya. Injini ipandishwe, nahodha asogee kwa upondo. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Matete yanayotikisika bila upepo yaachie viboko.

Unaambiwa ufute picha

Ukuta wa bwawa na mtambo ni eneo la ulinzi. Omba ruhusa kwa maandishi kabla, au geuza lenzi upande mwingine. Ziwa ni kubwa. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hata ukiirusha kutoka mtumbwini.

Wavuvi ni habari nyingine. Kamera yenye lenzi ndefu ikitokea majini, wengi wanafikiri ni doria ya kusaka makokoro, na mtumbwi unaoukimbia ukingo unakuharibia fremu. Anzia mwaloni. Msalimie mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, mwonyeshe picha zako za msimu uliopita, umwambie vituo viko wapi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilipoteza saa mbili, maana kila mtu alitaka kuonyesha kwa kidole mahali kibanda chake kilipokuwa maji yalipojaa. Mzee mmoja akachukua karatasi yangu, akaweka kucha kwenye kichaka kilichoonekana juu ya ukingo, akaniambia maji yaliwahi kufika hapo. Sasa hicho kichaka ni kituo changu cha saba.